Mwenye Jukwaa na Wanaojitolea: Mizani ya Mamlaka katika Wikipedia

Wikipedia inaendeshwa kwa mamlaka ya aina mbili. Mamlaka ya kwanza yako mikononi mwa Wikimedia Foundation, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa Florida, Marekani, tarehe 20 Juni 2003, na ambalo baadaye lilihamia San Francisco. Shirika hilo lina seva, lina jina na nembo, lina waajiriwa, na kesi ikifunguliwa dhidi ya Wikipedia ndilo linalosimama mahakamani. Mamlaka ya pili yako kwa watu wa kujitolea walioenea duniani kote. Hao ndio wanaoandika makala, wanaosahihishana, wanaofuta matusi na matangazo ya biashara, na wanaowazuia waharibifu. Hawalipwi, hawana mkataba, na wengi wao hujulikana kwa jina la akaunti tu.

Mpaka kati ya mamlaka haya haukuchorwa siku moja. Umewekwa kidogo kidogo, kwa migogoro ya zaidi ya miaka 20. Migogoro hiyo inafaa kuchunguzwa kwa sababu ilifanyika hadharani, na kumbukumbu zake bado zinasomeka. Funzo lake linahusu kila jukwaa la mtandaoni ambalo kazi hufanywa na umma ilhali mitambo ni ya taasisi moja. Kwa ufupi ni hili: mwenye jukwaa aingilie kati pale tu ambapo wanaojitolea hawawezi, au hawastahili kubebeshwa mzigo huo, na hata hapo, uamuzi wake uwe na mipaka, uwe na maelezo, na uwe na mahali pa kukatiwa rufaa.

Jinsi mamlaka yalivyogawanywa

Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales pamoja na Larry Sanger, chini ya kampuni ya Bomis. Ilikusudiwa kusaidia Nupedia, kamusi elezo iliyoandikwa na wataalamu na kuhakikiwa kwa hatua nyingi, ambayo ilikuwa ikisonga kwa mwendo wa kinyonga. Katika miezi ya mwanzo kanuni zilikuwa chache, na mabishano yaliposhindikana yalifikishwa kwa waanzilishi wenyewe.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana mapema. Februari 2002, wahariri wengi wa Wikipedia ya Kihispania waliondoka kwa pamoja na kuanzisha mradi wao, Enciclopedia Libre. Moja ya sababu ilikuwa hofu kwamba kampuni ingeanza kuweka matangazo ya kulipiwa juu ya kazi waliyoifanya bure. Waliweza kuondoka na makala zao kwa sababu leseni huria ya Wikipedia inamruhusu mtu yeyote kunakili maandishi yote na kuyaendeleza kwingine. Matangazo hayakuwekwa, na mwaka uliofuata Wikipedia ikakabidhiwa kwa shirika lisilo la kibiashara. Tangu hapo haki ya kuondoka imekuwa kinga ya mwisho ya wanaojitolea. Ni nadra kutumika, lakini mwenye jukwaa hulazimika kuikumbuka kila anapotaka kuamua peke yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukasimu madaraka. Mwanzoni mwa 2004, Baraza la Usuluhishi la Wikipedia ya Kiingereza lilianza kupokea kesi ambazo hapo awali zilimwangukia Wales. Wajumbe wake huchaguliwa na wahariri, husikiliza ushahidi wa pande zote, na wanaweza kumpiga mtu marufuku au kumvua madaraka. Hawaamui makala iseme nini. Wanaamua mwenendo wa watu. Utengano huo una maana kubwa, kwa kuwa chombo chenye nguvu ya kuadhibu hakikupewa pia nguvu ya kuamua ukweli.

Kazi ya kila siku

Katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, wahariri waliopewa zana za usimamizi huitwa wakabidhi. Kazi yao huanzia kwenye ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, unaoorodhesha kila hariri kwa saa na jina la akaunti. Mkabidhi hufungua tofauti kati ya toleo la zamani na jipya: aya ya historia ya Kilwa imefutwa na mahali pake pameandikwa namba ya simu ya mfanyabiashara. Anarejesha toleo la awali, kisha anamwandikia mhusika kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Akirudia, anaonywa tena. Akiendelea, akaunti yake inazuiwa kwa siku moja, kisha kwa muda mrefu zaidi. Kila hatua huingia katika kumbukumbu ambazo msomaji yeyote anaweza kuzifungua, akaona nani alifanya nini, lini, na kwa sababu ipi.

Kazi hiyo hufanywa maelfu ya mara kwa siku katika lugha zaidi ya 300. Wikipedia ya Kiingereza, yenye makala zaidi ya milioni 6, ina wasimamizi takriban 800 tu wa kujitolea. Wikipedia nyingi za lugha ndogo hazina hata mmoja. Hizo huangaliwa na kikundi cha wasimamizi wa miradi yote, ambao huchaguliwa kila mwaka na lazima wapate angalau asilimia 80 ya kura.

Hakuna taasisi inayoweza kuajiri watu wa kutosha kwa kazi hiyo, lakini gharama si sababu pekee ya kuwaachia wanaojitolea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeijua lugha na mambo ya mahali hugundua haraka kwamba sentensi fulani ni fumbo la matusi, kwamba jina la kijiji limeandikwa vibaya, au kwamba makala imetafsiriwa na mashine. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilizindua shindano kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, zawadi zikiwemo kompyuta mpakato. Makala ziliongezeka kwa kasi, lakini washiriki wengi hawakuonekana tena baada ya zawadi kutolewa, na kazi ya kuzitunza makala hizo ikabaki kwa wahariri wachache waliokuwepo tangu awali. Fedha za nje zilileta maandishi, ila hazikuleta watunzaji.

Upande wa pili wa funzo hilo ulionekana Agosti 2020 katika Wikipedia ya Kiskoti. Iligundulika kwamba maelfu ya makala zake yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto, kwa nia njema, na kwa miaka mingi hapakuwa na wazungumzaji wa kutosha wa kumrekebisha. Shirika lisingeweza kuliona kosa hilo kutoka San Francisco. Waliotakiwa ni wasomaji wa Kiskoti wenye muda na ari ya kuhariri.

Mahali ambapo wanaojitolea hawatoshi

Zipo shughuli ambazo haziwezi kuachiwa wanaojitolea hata wakiwa wengi na hodari. Ya kwanza ni sheria. Kifungu cha 230 cha sheria ya Marekani ya mwaka 1996 hakimhesabu mwenye jukwaa kuwa mchapishaji wa maneno yaliyoandikwa na wengine. Kinga hiyo haigusi hakimiliki wala makosa ya jinai ya shirikisho. Mwenye hakimiliki akipeleka madai rasmi, au picha za unyanyasaji wa watoto zikipandishwa, shirika linawajibika kuchukua hatua lenyewe. Kumwachia mtu wa kujitolea uamuzi huo ni kumtwika dhima asiyolipwa kuibeba.

Ya pili ni usalama wa watu. Mhariri anayetishiwa kuuawa, au anayefuatwa hadi kazini kwake kwa sababu ya makala, anahitaji watu wenye ujuzi, wenye kutunza siri, na wenye mawasiliano na polisi. Ushahidi wa mambo hayo hauwezi kujadiliwa kwenye ukurasa unaosomwa na dunia nzima.

Ya tatu ni shinikizo la dola. Mwanzoni mwa 2013, idara ya ujasusi wa ndani ya Ufaransa iliitaka Wikimedia Foundation ifute makala ya Wikipedia ya Kifaransa kuhusu kituo cha redio ya kijeshi cha Pierre-sur-Haute. Shirika liliuliza ni sehemu gani ya makala iliyovunja sheria, na lilipokosa jibu la kueleweka likakataa. Tarehe 4 Aprili idara hiyo ilimwita ofisini msimamizi mmoja wa kujitolea, ambaye pia alikuwa rais wa chama cha Wikimédia France, ikamwambia kwamba asipoifuta makala papo hapo atawekwa mahabusu na kushtakiwa. Hakuwa ameiandika makala hiyo, wala hakuwa na habari nayo kabla ya siku hiyo. Aliifuta mbele yao, kisha akawaarifu wasimamizi wenzake yaliyomkuta. Msimamizi mwingine, aliyekuwa Uswisi, aliirejesha. Habari zilipoenea, makala ambayo karibu hakuna aliyekuwa akiisoma ikawa yenye wasomaji wengi kuliko zote katika Wikipedia ya Kifaransa kwa siku kadhaa.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. Dola ikishindwa kulishinda shirika, humtafuta mtu wa kujitolea aliye karibu na mkono wake. Kwa hiyo shirika lina wajibu wa kusimama mbele yake. Aidha, mtandao wa wasimamizi walio katika nchi mbalimbali ni ulinzi wenyewe, maana aliyelazimishwa Paris anaweza kusaidiwa na mwenzake asiyefikiwa na sheria hiyo.

Ya nne, na iliyo ngumu kuliko zote, ni jamii ya wahariri inapotekwa na kikundi. Hilo lilitokea katika Wikipedia ya Kikroatia kwa takriban muongo mmoja. Wasimamizi wachache wenye mrengo mkali wa utaifa waliwazuia wahariri waliowapinga, wakalindana katika kura, na kuruhusu makala zilizopunguza uzito wa maovu ya utawala wa Ustaša katika Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na yaliyotendeka katika kambi ya Jasenovac. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia, Željko Jovanović, aliwaonya wanafunzi hadharani wasiitegemee Wikipedia hiyo. Hata hivyo hapakuwa na hatua madhubuti kwa miaka mingine saba. Kanuni ilisema kila jamii ijitawale, na waliokuwa madarakani waliitumia kanuni hiyo kuwafunga mdomo wengine. Novemba 2020, wahariri wa lugha mbalimbali walikubaliana kumpiga marufuku ya kudumu kiongozi wa kikundi hicho katika miradi yote. Ripoti iliyoagizwa na Wikimedia Foundation na kuchapishwa mwaka 2021 ilieleza jinsi akaunti za bandia zilivyotumiwa kudumisha udhibiti huo.

Katika Wikipedia ya Kichina shirika halikungoja. Tarehe 13 Septemba 2021 lilitangaza kwamba watumiaji saba wamepigwa marufuku duniani kote na wasimamizi 12 wamevuliwa madaraka. Lilieleza kwamba kikundi kilikuwa kimepenya ndani ya mradi na kwamba baadhi ya wahariri walikuwa katika hatari ya kudhuriwa. Kabla ya hapo, kulikuwa na vitisho vya kuwaripoti wahariri wa Hong Kong kwa polisi wa usalama wa taifa. Pale ambapo maoni ya mtu kwenye ukurasa wa majadiliano yanaweza kumfikisha gerezani, kura ya jamii haiwi huru, na uamuzi wa nje unakuwa njia pekee iliyobaki.

Mahali ambapo mwenye jukwaa alivuka mpaka

Uwezo huo huo umewahi kutumika pasipostahili. Mwaka 2014 Wikimedia Foundation ilileta programu mpya ya kutazamia picha, Media Viewer. Wahariri wa Wikipedia ya Kijerumani walilalamika kwamba ilificha taarifa muhimu, zikiwemo za mpiga picha na leseni, wakapiga kura isiwashwe bila ridhaa ya mtumiaji. Msimamizi mmoja alibadilisha ukurasa wa mipangilio ili kutekeleza kura hiyo. Tarehe 10 Agosti wafanyakazi wa shirika waliurejesha ukurasa ulivyokuwa, kisha wakaufunga kwa kiwango kipya cha ulinzi ambacho hakuna msimamizi wa kujitolea aliyeweza kukifungua. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa, wala mtu aliyekuwa hatarini. Ulikuwa mjadala wa namna ya kuonyesha picha. Mamia ya wahariri walitia saini barua ya kupinga, na wengine wakaacha kuhariri. Novemba 2015 kiwango hicho cha ulinzi kiliondolewa kabisa.

Mgogoro wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Tarehe 10 Juni 2019, kitengo cha usalama cha shirika kilimpiga marufuku ya mwaka mmoja msimamizi mkongwe wa Wikipedia ya Kiingereza. Malalamiko yalikuwa kuhusu jinsi alivyowatendea wahariri wengine. Umma haukuelezwa kosa lenyewe, mshtakiwa hakuambiwa nani amemlalamikia, na Baraza la Usuluhishi, ambalo kazi yake ni kesi za namna hiyo, lilirukwa. Msimamizi mwenzake aliiondoa marufuku. Shirika likairudisha na kumvua huyo naye madaraka. Katika wiki zilizofuata wasimamizi zaidi ya 20 walijiuzulu. Bodi ya wadhamini iliingilia, na kesi ikapelekwa kwa Baraza. Septemba mwaka huo Baraza lilifuta marufuku, lakini likaamua kwamba mshtakiwa asirudishiwe usimamizi.

Hukumu hiyo inapima vizuri makosa ya pande zote. Walalamikaji hawakuwa wazushi, kwa kuwa hata wahariri wenzake waliona mwenendo wa mshtakiwa haufai kwa kiongozi. Na wahariri hawakuwa na haki ya kudharau watu walioogopa kulalamika hadharani. Lakini adhabu iliyotolewa kwa siri, kwa kosa ambalo chombo cha jamii kingeweza kulishughulikia, iliharibu imani kuliko ilivyolinda usalama. Kesi ile ile iliposikilizwa na watu waliochaguliwa, uamuzi mkali ulikubalika.

Majukwaa ya kibiashara yamepata mikasa kama hiyo. Juni 2023 maelfu ya vikundi vya Reddit vilifungwa na wasimamizi wao wa kujitolea kupinga bei mpya zilizowekwa kwa watengenezaji wa programu za nje. Kampuni ikatishia kuwaondoa waliogoma, na baadhi ikawaondoa. Mwezi huo huo wasimamizi wengi wa Stack Overflow walisitisha kazi kwa sababu kampuni ilikuwa imewawekea masharti mazito kabla ya kufuta majibu yaliyoandikwa na akili bandia. Mgomo huo ulikwisha Agosti kwa mazungumzo na makubaliano ya maandishi. Njia hizo mbili zinaonyesha kwamba nguvu huweza kumaliza mgomo, lakini haijengi upya utayari wa kufanya kazi bila malipo.

Kanuni za mizani

Kutokana na matukio haya zinapatikana kanuni nne. Ya kwanza ni kwamba mamlaka yafuate ujuzi na mzigo. Maudhui ya makala, lugha, na nidhamu ya kawaida ni ya wanaojitolea, kwa sababu wao ndio wanaojua. Sheria, vitisho na siri za watu ni za shirika, kwa sababu lenyewe ndilo linaloweza kubeba matokeo yake.

Ya pili ni kwamba hakuna mtu anayepaswa kushika peke yake zana ya hatari. Chombo cha kukagua anwani za IP za watumiaji ni mfano mzuri. Wanaokitumia huchaguliwa na jamii yao au na baraza lake, lakini hutia saini ahadi ya usiri mbele ya Wikimedia Foundation. Mradi wowote wenye mkaguzi lazima uwe na wawili au zaidi, ili wakaguane. Hapo mamlaka mawili yanakutana kwenye kazi moja, kila moja likiwa na sehemu yake.

Ya tatu ni kwamba sheria ya kuingilia itungwe kabla ya mgogoro, na itungwe pamoja. Baada ya 2019 bodi iliagiza Kanuni za Maadili za miradi yote, zilizotangazwa Februari 2021. Namna ya kuzitekeleza ilipigiwa kura na wahariri Machi 2022, ikapata karibu asilimia 59. Badala ya kuridhika na ushindi huo mwembamba, rasimu ilirudishwa kurekebishwa, na Januari 2023 ikaungwa mkono na asilimia 76. Mwaka 2024 ilichaguliwa kamati ya wanaojitolea ya kuzisimamia. Kwa utaratibu huo, jamii iliyotekwa kama ile ya Wikipedia ya Kikroatia inaweza kuchunguzwa na wahariri wa kwingine kabla ya waajiriwa kuombwa kuingia.

Ya nne ni kwamba kila uamuzi uwe na maelezo na rufaa. Usiri unaweza kuhitajika kuhusu majina na ushahidi. Haupaswi kufunika aina ya kosa, kanuni iliyotumika, wala chombo kinachoweza kuupitia uamuzi upya.

Kwa jamii ndogo, mizani hiyo huanzia nyumbani. Mradi wenye wakabidhi wawili au watatu uko katika hatari mbili kwa pamoja: wakichoka, uharibifu hukosa mtu wa kuuondoa, na wakipotoka, hakuna wa kuwahoji. Miradi mingi tayari huwavua zana wasimamizi waliokaa miaka miwili bila kuhariri, lakini kuondoa wasiofanya kazi hakutoshi bila kuandaa wengine. Wikipedia ya Kiswahili inahitaji wakabidhi kutoka Tanzania, Kenya, Kongo na kwingineko ambako Kiswahili kinasemwa, ili shinikizo la mahali pamoja lisizime mradi mzima. Inahitaji kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mhariri mgeni, chaguzi za wazi, na mazoea ya kueleza sababu kila akaunti inapozuiwa. Jamii yenye mambo hayo humpa mwenye jukwaa sababu chache za kuingilia, na siku anapolazimika kuingilia, huwa na watu wenye uwezo wa kumuuliza kwa nini.